Baltimore haikukosea kuwatoa chipukizi wake, ilichelewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyeandika hivi karibuni akiitaja klabu ya besiboli ya Baltimore Orioles kuwa mfano wa subira, na kuzitaka klabu za soka za nyumbani zijifunze kwake namna ya kubomoa kikosi kilichochoka na kukijenga upya kwa vijana. Nimeisoma barua yake mara mbili. Aliyoyaeleza kuhusu mafanikio ya mwaka 2023 ni ya kweli. Lakini amesimulia nusu ya habari, tena ile nusu tamu, na mimi ninayeishi katika mji huu na kuishabikia timu hii tangu mwaka 2012 nisingependa wasomaji wako wabaki na nusu hiyo peke yake, hasa wakati huu ambapo mashabiki wa hapa wamegawanyika vibaya kuhusu usajili wa majira haya ya baridi ya 2025 kuelekea 2026.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu, yapo mambo machache ya kueleza kwanza. Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani ina klabu 30 na hakuna inayoshuka daraja. Klabu inayoshika mkia haipotezi nafasi yake. Badala yake, katika uteuzi wa kila mwaka wa vijana wanaotoka sekondari na vyuoni, huwekwa mbele katika kuwachagua walio bora. Wachezaji kwa kawaida hawauzwi kwa ada kama ilivyo katika soka. Wanabadilishwa, mtu kwa mtu, na klabu inayotaka mchezaji aliyekomaa hutoa chipukizi wawili, watatu au zaidi ambao bado wanalelewa katika ligi ndogo. Kijana akishapanda ligi kuu, klabu inakuwa na haki naye kwa miaka sita ya utumishi kabla hajawa huru kwenda anakotaka, na katika miaka ya mwanzo hulipwa kidogo sana ukilinganisha na kazi anayoifanya. Ukiyaweka yote hayo pamoja utaelewa kwa nini viongozi wa klabu wanaweza kuamua, kwa akili timamu na mbele ya mashabiki wao, kupoteza mechi kwa miaka kadhaa.

Orioles waliamua hivyo Julai 2018. Manny Machado, aliyekuwa mchezaji wao bora kuliko wote, alipelekwa Los Angeles Dodgers kwa kubadilishana na vijana watano, na kabla mwezi huo haujaisha wakafuata Zack Britton, Kevin Gausman na Jonathan Schoop, kila mmoja kwa njia yake. Msimu ule uliisha kwa ushindi katika mechi 47 na kushindwa katika mechi 115. Mwezi Novemba akaletwa Mike Elias kutoka Houston Astros kuongoza masuala yote ya mpira, na kazi ya kubomoa ikaendelea: mechi 108 zilipotea mwaka 2019, nyingine 110 mwaka 2021. Ukiuacha msimu wa 2020, uliofupishwa kuwa wa mechi 60 kwa sababu ya korona, misimu mitatu kamili ilitugharimu vipigo 333.

Tarakimu hizo ni rahisi kuzisoma ukiwa mbali. Agosti 2021 timu ilipoteza mechi 19 mfululizo. Usiku wa tarehe 25, mechi ambayo ingekuwa ya ishirini, nilikwenda uwanjani Camden Yards pamoja na jirani yangu, mzee wa Mombasa aliyehamia hapa miaka mingi kabla yangu na ambaye ndiye aliyenifundisha mchezo huu. Tulikaa viti vya juu upande wa kushoto. Safu yetu yote tulikuwa wawili, na uwanja ulikuwa kimya kiasi kwamba tulisikia mpira ukitua ndani ya glavu ya mdakaji, yule anayeipokea mipira ya mrushaji, na sauti ya mchuuzi wa karanga ikitufikia kutoka ngazi ya chini kabisa. Aliyesimama kilimani, yaani kwenye tuta la mrushaji, kuwarushia vijana wetu alikuwa Shohei Ohtani, nyota wa Los Angeles Angels. Tulishinda 10 kwa 6. Mzee aliinuka, akaketi, akainuka tena, akanishika mkono bila kusema neno. Ulikuwa ushindi mmoja wa timu iliyo mkiani, na watu wazima walikuwa wakifuta machozi. Hiyo ndiyo bei iliyolipwa na mashabiki, na msomaji wako hakuitaja.

Wala haikuishia hapo. Alikuwapo Trey Mancini, mpigaji aliyebaki nasi katika miaka yote ya dhiki, aliyegunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mpana Machi 2020, akatibiwa, akarudi kucheza mwaka uliofuata. Tarehe 28 Julai 2022, katika zamu yake ya mwisho ya kupiga katika uwanja wetu, aliupiga mpira juu upande wa kulia. Mlinzi wa Tampa Bay akapofushwa na jua, mpira ukamgonga usoni ukabingirika hadi mbali, na Mancini akakimbia vituo vyote vinne hadi nyumbani huku uwanja mzima umesimama. Siku nne baadaye alibadilishwa kwenda Houston. Kesho yake akaondoka Jorge López, mrushaji aliyekuwa akituzimia mechi dakika za mwisho. Na wakati huo, Ndugu Mhariri, timu haikuwa mkiani tena. Ilikuwa na ushindi mwingi kuliko vipigo na ilikuwa ikinusa nafasi ya kuingia hatua ya mtoano. Tuliambiwa kwamba wakati wetu bado. Msimu ukaisha kwa ushindi 83 na vipigo 79, na mtoano tukautazama kwenye televisheni.

Tulikubali. Naomba nilisisitize hilo kwa sababu ndiko hoja yangu inakoanzia. Mashabiki wa Baltimore walikubali kupoteza mechi 333, wakakubali kumpoteza Mancini, kwa ahadi kwamba vijana waliokuwa wakikusanywa wangetuletea kombe ambalo mji huu haujaliona tangu mwaka 1983. Vijana hao walipatikana kweli: Adley Rutschman, mdakaji aliyechaguliwa wa kwanza nchi nzima mwaka 2019, Gunnar Henderson, aliyechaguliwa mwaka huohuo katika raundi ya pili na kuwa mchezaji bora chipukizi wa Ligi ya Amerika mwaka 2023 kwa kura zote, Colton Cowser wa mwaka 2021, Jackson Holliday, wa kwanza tena mwaka 2022. Mwaka 2023 timu ilishinda mechi 101 na kuongoza kundi la Mashariki. Mwezi Oktoba, katika mtoano, Texas Rangers wakatutoa kwa mechi tatu bila jibu.

Hapo ndipo mimi na jirani yangu tulipoachana kimawazo, na mawazo yetu hayajakutana tena hadi leo ingawa tunakunywa kahawa pamoja kila Jumamosi. Katika mechi ya pili dhidi ya Rangers kilimani alipandishwa Grayson Rodriguez, kijana wetu wa miaka 23, mrushaji mwenye mkono wa ajabu lakini aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza wa ligi kuu. Hakumaliza awamu mbili kati ya tisa za mechi. Rangers walipata mikimbio (ndiyo mabao ya besiboli) mitano katika awamu ya pili, wakaongeza mingine minne kwa pigo moja katika awamu ya tatu, na mechi ikaisha 11 kwa 8. Mzee alisema kijana amepata somo na mwaka ujao atarudi akiwa simba. Mimi nilisema timu iliyoshinda mechi 101 haikupaswa kumwachia mwanafunzi kazi ile. Ilipaswa kuwa na mrushaji aliyekomaa, na chipukizi wa kumlipia walikuwa tele, wamejipanga foleni Norfolk, katika timu yetu ya ligi ndogo, bila nafasi ya kupanda.

Wahenga walituachia neno kwamba akiba haiozi. Kwa mahindi ghalani na shilingi kibubuni, sina ubishi. Lakini chipukizi wa besiboli ni akiba ya namna nyingine, na inaoza. Thamani yake ni matumaini, na matumaini hupungua kila kijana anapozidi umri, anapoumia, au anapopanda ligi kuu na kugundulika kwamba hawezi kuupiga mpira unaopinda. Katika vijana watano tuliowapata kwa Machado, aliyetajwa kuwa lulu alikuwa Yusniel Díaz. Alikuja kucheza mechi moja tu ya ligi kuu akiwa na jezi yetu, miaka minne baadaye. Aliyedumu ni Dean Kremer, ambaye hakuna aliyekuwa akimzungumzia siku ile. Heston Kjerstad alichaguliwa wa pili nchi nzima mwaka 2020. Akaugua ugonjwa wa moyo kabla hajacheza mechi hata moja, akapona, akapanda, akapigwa na mpira kichwani Julai 2024, na hadi leo anahangaika kurudi alipokuwa. Siwalaumu vijana hawa hata kidogo, na kisa cha Kjerstad kinaniuma. Ninachosema ni kwamba anayemhesabu chipukizi kana kwamba ni nyota tayari anahesabu kitu ambacho hakipo mkononi.

Tena viongozi wetu walilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu huko walikotoka lilifanyika. Houston Astros ilipoteza mechi 111 mwaka 2013 ikiwa katika ujenzi huohuo unaosifiwa. Usiku wa tarehe 31 Agosti 2017, dakika za mwisho kabisa kabla muda haujakatika, ilitoa chipukizi watatu kwa Detroit Tigers ikamchukua Justin Verlander, na Oktoba hiyo Verlander akawa mchezaji bora wa fainali ya Ligi ya Amerika. (Kombe lile lilikuja kutiwa doa na kashfa ya kuiba ishara za wadakaji wa timu pinzani, na doa hilo halifutiki; lakini uamuzi wa kumleta Verlander ulikuwa halali na ulikuwa sahihi.) Mwaka mmoja kabla yake, Chicago Cubs, nao wakiwa wametoka katika miaka ya kubomoa, walimtoa Gleyber Torres kwa New York Yankees ili kumpata mrushaji Aroldis Chapman kwa miezi michache. Torres akawa nyota. Cubs wakalitwaa kombe baada ya miaka 108. Sijawahi kukutana na shabiki wa Chicago anayemlilia Torres.

Baltimore ilifanya nini baada ya Oktoba ile? Ilifanya jambo moja kubwa na jema: Februari 2024 ilitoa vijana wawili na nafasi moja ya uteuzi kwa Milwaukee Brewers ikampata Corbin Burnes, mmoja wa warushaji bora duniani, akiwa na mwaka mmoja tu wa mkataba uliobaki. Na Burnes alifanya kazi aliyoletewa. Tarehe 1 Oktoba 2024, mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya Kansas City Royals, alirusha awamu nane na kuruhusu mkimbio mmoja. Tulipoteza 1 kwa 0. Kesho yake tulipoteza 2 kwa 1, msimu ukaisha. Kwa hesabu za mtoano, hicho kilikuwa kipigo cha kumi mfululizo kwa Orioles tangu mwaka 2014. Nilikuwa uwanjani siku ya kwanza. Nilimwona Burnes akishuka kilimani baada ya awamu ya nane, watu wamesimama wanampigia makofi, naye akitazama chini.

Jirani yangu huutumia usiku ule dhidi yangu. Husema: "Mwanangu, ulimtaka mrushaji ukaletewa, na bado tumefungwa, sasa unataka tuwatoe na hawa waliobaki?" Ni hoja nzito na sikusudii kuikwepa. Mikimbio haikupatikana kwa sababu wapigaji wetu, wengi wao hao vijana, walikuwa wamepoa tangu katikati ya msimu, na hakuna mrushaji anayeweza kushinda mechi ambayo wenzake hawafungi. Lakini jibu langu ni kwamba tuliwahi kumjaribu mmoja tu, kwa mwaka mmoja tu, na baada ya hapo tukaacha kabisa kujaribu.

Majira ya baridi ya 2024 kuelekea 2025 ndiyo ninayoyahesabu kuwa kosa kubwa kuliko yote, na natamani msomaji wako angeyajua. Burnes aliondoka kwenda Arizona Diamondbacks kwa mkataba wa miaka sita wenye thamani ya dola milioni 210. Anthony Santander, aliyevusha mipira 44 nje ya ukuta msimu ule, akaenda Toronto. Klabu ilikuwa tayari na mmiliki mpya, David Rubenstein, mzaliwa wa mji huu, aliyeinunua mwaka 2024 kutoka kwa familia ya Angelos kwa thamani ya dola bilioni 1.725, kwa hiyo kisingizio cha zamani cha mfuko mtupu hakikuwapo tena. Ghala la chipukizi lilikuwa bado limejaa. Na pengo la Burnes likazibwa kwa Charlie Morton, mwenye umri wa miaka 41, na Tomoyuki Sugano, mwenye miaka 35 akitokea Japani, kila mmoja kwa mkataba wa mwaka mmoja. Wote wawili ni wachezaji wa heshima waliokwisha kufanya makubwa katika maisha yao. Lakini mashabiki waliovumilia vipigo 333 walistahili zaidi ya hivyo.

Sikukuu ya Pasaka, tarehe 20 Aprili 2025, baada ya ibada nilimpeleka binti yangu uwanjani dhidi ya Cincinnati Reds. Morton aliruhusu mikimbio saba na hakufika awamu ya tatu kuimaliza. Ilipofika mwishoni kocha aliwapandisha kilimani wachezaji ambao kazi yao si kurusha, ili kuwanusuru warushaji wa akiba waliokuwa wamekwisha nguvu, na mipira ikawa inakwenda polepole kama ya watoto uani. Matokeo yalikuwa 24 kwa 2. Binti yangu, ambaye ana miaka tisa na anavaa jezi ya Henderson, aliniuliza kama wamekata tamaa. Sikuwa na jibu la kumpa. Mwezi Mei, timu ikiwa na ushindi 15 na vipigo 28, kocha Brandon Hyde alifukuzwa, mtu aliyeibeba timu tangu ule msimu wa vipigo 108, na kwa maoni yangu alibebeshwa mzigo uliokuwa wa wasajili. Msimu ukaisha kwa ushindi 75. Tukashika mkia wa kundi letu, miaka miwili tu baada ya kuliongoza.

Hivyo ndivyo tulivyofika katika mjadala wa sasa. Majira haya ya baridi Elias amebadilika, na sina budi kumpa haki yake. Novemba alimtoa Grayson Rodriguez kwa Los Angeles Angels akamchukua mpigaji Taylor Ward. Desemba alimsajili Pete Alonso, aliyeweka rekodi ya kuvusha mipira mingi kuliko mchezaji yeyote katika historia ya New York Mets, kwa miaka mitano na dola milioni 155. Alimleta pia Ryan Helsley kumalizia mechi. Kisha akatoa chipukizi wanne pamoja na nafasi ya uteuzi kwa Tampa Bay Rays akampata mrushaji Shane Baz, ambaye klabu itakuwa na haki naye kwa miaka mitatu. Kazini kwangu, kinyozini, kanisani, hakuna mazungumzo mengine, na wengi ninaowasikia wana hasira.

Hasira kubwa ni kwa ajili ya Rodriguez. Alikuwa na miaka minne ya haki za klabu iliyobaki. Ward ana mmoja. Jirani yangu ananiambia: "Wewe umemchinja ndama kwa sababu umeona njaa ya leo." Namheshimu mzee wangu, lakini nimemwambia kwamba ndama huyo alikuwa mgonjwa. Rodriguez hakurusha mpira hata mmoja wa ligi kuu msimu wote wa 2025. Kwanza kiwiko, kisha misuli ya mgongo, kisha kiwiko tena, na kabla ya hapo alikwishakosa miezi ya mwisho ya 2024. Inawezekana kabisa akapona huko California akawa mrushaji tuliyemwota, na siku hiyo nitaumia kama wengine. Uamuzi hupimwa kwa yaliyojulikana siku ulipofanywa. Aliyetoa hoja ya kwamba Rodriguez angepata thamani kubwa zaidi angebadilishwa baada ya msimu wa 2023 anasema kweli, nami niko upande wake. Ndiyo maana nasema tulichelewa.

Kuhusu wale wanne waliokwenda Tampa Bay, naelewa zaidi. Baz hakuwa na msimu mzuri mwaka 2025. Wastani wake ulikuwa karibu mikimbio mitano kwa kila awamu tisa, na kumlipia bei hiyo kunatia shaka. Klabu ya Tampa Bay nayo ina sifa ya kutotoa kitu bila kujua inachokipata. Lakini nawakumbusha mashabiki wenzangu habari ya Trevor Rogers, maana kumbukumbu zetu ni fupi. Julai 2024 tulimpata kutoka Miami Marlins kwa kuwatoa Kyle Stowers na Connor Norby. Akarusha vibaya, akarudishwa ligi ndogo kabla msimu haujaisha, na mji mzima ukalitaja badilishano lile kuwa baya kuliko yote. Mwaka 2025 Rogers huyohuyo alianza mechi 18 na wastani wake ukawa 1.81, bora kuliko mrushaji yeyote tuliyekuwa naye. Na Stowers naye aliitwa katika mechi ya nyota wote akiwa na Miami. Pande zote mbili zilipata kitu, na hakuna aliyekufa njaa kwa sababu kijana wetu anapiga vizuri katika jezi nyingine.

Wapo pia wanaomtaja Burnes: Juni 2025 alifanyiwa upasuaji wa kiwiko, hivyo wanasema klabu iliona mbali ilipokataa kumpa dola milioni 210. Na wazee zaidi wanamtaja Chris Davis, aliyepewa dola milioni 161 mwaka 2016 kisha akafika mahali pa kupiga mara 54 mfululizo bila kufanikiwa hata mara moja. Nilikuwapo katika siku zile na sijazisahau. Mikono ya warushaji huvunjika na wapigaji huzeeka; hilo ni sababu ya kuwa na warushaji watatu wa kutegemewa badala ya mmoja. Klabu iliyokaa bila hata mmoja kwa kuogopa kuumia kwake ilipata vipigo 87 mwaka 2025, na viwiko vya warushaji wake havikuwa salama hata hivyo.

Pale ninapoungana na wenye hasira ni hapa: kazi haijaisha. Leo tunao Rogers, ambaye ana nusu msimu mmoja mzuri akiwa nasi, Kyle Bradish, aliyerudi Agosti baada ya upasuaji wa kiwiko, Baz, Kremer, na Zach Eflin, ambaye msimu wake wa 2025 ulikatizwa na maumivu ya mgongo. Ni kundi lenye matumaini, na kila jina lina "kama" mbele yake. Hakuna hata mmoja ambaye ungempa mechi ya kwanza ya mtoano ukalala usingizi. Alonso atavusha mipira, sina shaka, lakini usiku ule Burnes alipopoteza 1 kwa 0 ulitokea kwa sababu upande wa pili nao walikuwa na mrushaji wa namna yake, Cole Ragans, na Oktoba hufika hivyo. Vijana wa kulipia mrushaji mwingine bado tunao. Coby Mayo anacheza nafasi ya kituo cha kwanza, nafasi ambayo Alonso ameichukua kwa miaka mitano. Samuel Basallo ana mkataba wa miaka minane na ni mdakaji, nafasi ileile ya Rutschman. Hawa ni wachezaji wazuri, wanaopendwa, na sitaki yeyote aondoke kwa bei ya kutupa. Ila siwezi kusema kwamba wote wawe hawagusiki, maana hilo ndilo tulilolisema mwaka 2023, na Rutschman, ambaye siku ile tungemkatalia mtu yeyote duniani, amekuwa na mwaka mmoja na nusu wa kusuasua na majeraha, na sasa amebakiwa na miaka miwili tu kabla hajawa huru kuondoka.

Kwa hiyo namwomba ndugu msomaji, anapoziandikia klabu za nyumbani kuhusu subira ya Baltimore, awaandikie pia viongozi wake kwamba subira ile ilikuwa na tarehe yake, nayo ilikuwa majira ya baridi baada ya ushindi wa mechi 101. Viongozi wa hapa waliipitisha tarehe hiyo, na wamehitaji msimu mzima wa mkiani ili kugeuka. Mimi na jirani yangu tumekwisha kununua tiketi zetu za mwezi Aprili, viti vilevile vya juu upande wa kushoto. Yeye atavaa jezi yake ya Rodriguez, nami nimemwambia aivae bila wasiwasi.

Wako katika ushabiki,
Msomaji wenu, Baltimore, Maryland